Mwaka Tuliofungiwa Ghala

Ti, ti, ti. Penseli ikigonga kikombe cha bati, halafu kikohozi kidogo, halafu sauti ya Mwalimu Gidudu: "Haya watoto, kaeni. Hata wewe uliyelala kitandani, kaa." Hivyo ndivyo kila somo lake la sauti lilivyoanza, na mpaka leo mtu akigonga kijiko kwenye kikombe karibu nami, mgongo wangu hunyooka wenyewe kama wa mwanafunzi aliyemwona mwalimu mlangoni. Wiki iliyopita mlio huo ulinirudia niliposoma ujumbe wa Afande Opio kwenye kundi letu la walimu. Aliandika kwa Kiswahili chake kile kile: "Walimu, mimi napelekwa Moroto. Mtandao ya huko ni ya Mungu tu. Lakini hapana nitoa kwa kundi tena." Watu wakacheka, wakamwombea safari njema, mmoja akamwambia asisahau koti. Mimi nilicheka pia, halafu nikaketi kwenye ngazi ya darasa, nikakumbuka mwaka ule tulipomtoa kweli, na hofu iliyonila mwaka mzima kama mchwa anavyokula mlango: nje rangi nzuri, ndani unga.

Nilikuwa mwalimu mpya Budondo, nje ya Jinja, nikiwa na cheti cha chini kabisa kinachomruhusu mtu kushika chaki. Nilikuwa naota sana. Nikifagia darasa naota nahutubia redioni. Nikisahihisha madaftari naota kitabu chenye jina langu mgongoni. Kwa hiyo niliposikia kwamba kuna mzee Mbale anawaita walimu waje waandike masomo yao wenyewe kwa simu, sikuuliza nauli nani analipa. Nilikwenda. Sebule yake ilikuwa mtaa wa Nabuyonga, chumba chembamba chenye viti vya mbao vilivyofunikwa vitambaa vya kufuma, na ukutani soketi moja ya umeme ambayo simu zetu ziliipangia foleni kama wagonjwa. Mkewe, Mama Khainza, alituletea malewa, yale machipukizi makavu ya mianzi, yamepikwa kwa karanga mpaka mchuzi umekuwa mzito kama siri. Tulikula tukibishana. Mwalimu Gidudu alikuwa mtu wa kusema polepole, mwenye mvi masikioni, na alisema jambo moja tu: vitabu havitoshi, mtaala unataka watoto wafanye vitu kwa mikono, basi tukae tukingoje vitabu au tuvitengeneze sisi?

"Kwa lugha gani?" akauliza Mwalimu Isabirye. Huyu alitoka Jinja mjini, msomi wa chuo kikuu, shati limenyooshwa, na ndiye aliyekuwa msimamizi wa kundi kwa sababu simu yake ilikuwa kubwa kuliko zetu.

"Kiswahili."

"Ah, ssebo, bwana wangu! Kiswahili ni lugha ya 'lala chini, toa kitambulisho.' Mama yangu akikisikia barabarani mpaka leo anafunga mlango."

"Ndiyo maana," Mwalimu Gidudu akasema. "Nataka watoto wakisikie kikizungumzia mbegu na mvua. Halafu tena, Msoga wa Jinja hatasema tumempendelea Mgisu wa Mbale, wala Mgisu hatasema tumempendelea Msoga. Wote tutakosea pamoja."

Watu wakacheka, na macho yakanigeukia mimi, kwa sababu kwetu, nyumba za Wanubi, Kiswahili kinapikwa na kuliwa. Nilifurahi kama mtoto aliyepewa kengele ya shule aishike.

Namna tuliyofanya kazi nimeiona mahali pengine kwa nadra. Mmoja wetu anaandika somo au analirekodi kwa sauti, lakini haruhusiwi kulijaribu mwenyewe. Linakwenda mji wa pili. Somo la Jinja linajaribiwa Mbale, la Mbale linajaribiwa Jinja, na aliyelijaribu anaandika chini yake watoto walifanya nini hasa, hata kama waliangua kicheko, hata kama halikufaa kitu. "Mpishi akionja mwenyewe," Mwalimu Gidudu alikuwa akisema, "chumvi daima inatosha." Isabirye alituma somo la kupima vivuli jua linapochomoza. Jibu likatoka Mbale: watoto walingoja na vijiti vyao mpaka njaa ikawauma, kwa sababu jua la Mbale lina mlima Wanale wa kupanda kwanza ndipo lionekane. Isabirye alinuna karibu juma zima. Kisha akaandika upya, na somo lile sasa linauliza swali ambalo yeye hakulifikiria: kwa nini asubuhi ya Mbale inachelewa? Nikilikumbuka somo hilo naona kwamba hakuna hata mmoja wetu angeweza kuliandika peke yake.

Kila kilichokamilika kiliingia ghalani. Ghala ndilo jina tuliloipa hifadhi ya mtandaoni ya Mwalimu Gidudu. Ilikuwa yake, kwa jina lake na namba yake ya simu, ila neno la siri alitupa wote, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuficha ufunguo. Na hapa ndipo tulipokosea, kosa ambalo walimu wenye simu ndogo tu ndio wangeweza kulifanya. Simu zetu zilijaa. Kila asubuhi simu inalalamika haina nafasi. Tukasema: kwani lile somo la zamani si liko ghalani? Futa. Sauti hii? Iko ghalani. Futa. Picha za ubao, michoro ya watoto, sauti za Mzee na kikombe chake, tukafuta zote ili tupate nafasi ya mpya. Tulikuwa kama mkulima anayekula mbegu zake kwa sababu jirani ana ghala kubwa.

Mwalimu Gidudu alifariki likizo ya kwanza ya mwaka ule. Aliugua ghafla, na simu yake ilipotea katika zile pilikapilika, kati ya kitanda na msiba, hakuna aliyejua wapi. Nani angeulizia simu siku ile? Tulimzika, tukarudi mashuleni, tukaendelea kutumia ghala kama watu wanaokula kwa marehemu bila kufikiri. Mpaka siku Isabirye aliponunua simu mpya, akaingia ghalani kupitia hiyo. Ghala halikuitambua. Likajifunga. Likasema limetuma namba ya kuthibitisha kwa simu ya mwenyewe, na bila namba hiyo haingii mtu, si kwa simu mpya wala kwa zile za zamani. Tukaipiga laini ya Mzee. Haipatikani.

Sijui niielezeje hofu hiyo kwa mtu ambaye hajawahi kupoteza kazi ya mikono ya watu wengi kwa pamoja. Siyo kama kuibiwa. Ukiibiwa unalia chako. Mimi nilikuwa nikisimama mbele ya darasa, chaki mkononi, nasahau ninachotaka kusema, kwa sababu nawaza: lile la vivuli limekwenda. Lile la mvua limekwenda. Sauti ya Mzee, hata moja haikubaki. Chakula kilinishinda. Mwenzangu wa chumba cha walimu alikuwa akiisukuma posho, yaani ugali, na maharage mbele yangu, "Sauda, kula, ghala si tumbo," nami nachovya tu kidole kwenye mchuzi.

Kwa kuwa mimi ni mtu wa kuota, nilijiambia tuanze upya, hata kwa somo moja. Nikachagua maharage. Nikarekodi sehemu ya kwanza, nikaituma kundini: loweka maharage, yaweke kwenye chupa safi pamoja na kitambaa chenye maji. Baada ya siku kadhaa sehemu ya pili: tazama mzizi unavyotoka, kisha funga mdomo wa chupa vizuri, uipindue chini juu. Mzizi utakwenda wapi? Nikaishia hapo, nikaituma nayo. Kundi lilikuwa limepoa, hakuna aliyejibu. Nikiwa bado naitazama simu, nikaona juu ya kioo: Mwalimu Gidudu anaandika.

Nilisimama. Kiti kikaanguka. Likaja neno moja, chini ya jina lake kama tulivyolihifadhi sote: "Halafu?"

We acha tu. Mimi nilisoma Ayatul Kursi mpaka mwisho bila kuvuta pumzi. Mwalimu mmoja wa Mbale akaweka zaburi nzima kundini. Wawili wakajitoa papo hapo, na Isabirye, msomi wetu wa chuo kikuu, akaandika kwa herufi kubwa, "WEWE NI NANI? MCHAWI! MWIZI WA SIMU ZA WAFU!" na kabla mtu hajajibu akaitoa namba ile kwenye kundi. Hofu ilipotulia ndipo akili zikarudi. Laini isiyotumika hukatwa ikauzwa kwa mtu mwingine; jambo hilo kila mtu analijua, ila nani hufikiri litamtokea yeye? Namba ya Mzee ilikuwa na mmiliki mpya. Maana yake, namba ya kuthibitisha ingekwenda kwake. Ufunguo wa ghala ulikuwa kwenye mfuko wa mtu tuliyekwisha kumwita mchawi.

"Piga wewe," Isabirye akaniambia. Tulikuwa kibarazani kwake Jinja, mvua inanyesha, chai ya tangawizi inapoa. "Aliandika Kiswahili. Na wewe unajua kuongea na watu."

Nikapiga. Sauti nzito ikaitika, nyuma yake mlio wa mageti ya chuma.

"Nani?"

"Shikamoo, mzee. Mimi ni mwalimu, natoka Jinja. Samahani, kuna namba itaingia kwenye simu yako, tarakimu sita, naomba unisomee—"

"Ahaa! Mko wengi leo. Juzi mwenzako alisema mimi nashinda pikipiki. Leo nyinyi mwalimu."

"Hapana, mzee, kweli—"

"Mimi hapana mzee, mimi afande wa magereza. Unajua hapa nakaa na watu gani? Hao waliomba namba kama wewe, nalinda wao kila siku. Nataka nikuongezee kitanda?" Akakata.

Isabirye alikuwa amejificha nyuma ya kikombe chake. Na yule afande alikuwa na haki! Sote tulikuwa tumewafundisha watoto wetu hivyo hivyo: mtu asiyekujua akikuomba namba iliyoingia kwenye simu yako, ni mwizi. Sasa tulikuwa sisi. Nikamtumia ujumbe mrefu wa kueleza, nikaufuta, nikaandika mwingine, nao nikaufuta, kwani kila nilivyoeleza nilizidi kufanana na tapeli mwenye adabu.

Likizo ilipofika nilikwenda Mbale. Mama Khainza alinipokea sebuleni kule kule, foleni ya simu haipo, soketi imebaki peke yake ukutani. Alikuwa amekwisha kuuliza huku na huko. Mbale si kubwa, na afande mwenye namba ya Mwalimu Gidudu alijulikana, kwa maana watu wengi wa msiba walikuwa wamempigia kwa makosa wakaangua kilio sikioni mwake. Alikaa Malukhu, kwenye nyumba za askari. Asubuhi ya kwenda, nikiwa navaa chumbani, nilimsikia Mama Khainza nyuma ya pazia akizungumza na jirani yake. "Wakilifungua," alisema, "huyu binti amesema nitamsikia tena akigonga kile kikombe." Jirani akasema, "Na wasipolifungua?" Nikasikia sufuria ikiwekwa chini taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Mimi nilikuwa nimesema hivyo kweli, nilipofika jana yake, katika furaha yangu ya kusema kila kitu. Sasa nilitamani kuingia chini ya kitanda.

Nyumba zile za Malukhu zilikuwa za mabati, za mviringo, zimepangwa kama vikombe vilivyofunikwa. Mtu mrefu mwenye fulana nyeupe na suruali ya sare alikuwa nje anapiga pasi shati juu ya meza. Alitutazama tukija. Mama Khainza alikuwa na kitambaa chake cha msiba, mimi na mkoba wangu wa plastiki uliojaa vitambulisho: cha taifa, cha shule, hata picha ya mahafali.

"Afande, hujambo bwana," nikaanza, "sisi ni wale walimu. Huyu ni mjane wa—"

Hakuvitazama vitambulisho. Aliiweka pasi chini. "Ongea tena."

"Afande?"

"Ongea tena kidogo."

"Nasema, sisi ni walimu, tumekuja kwa wema tu, hatuna..."

"Ni wewe," akasema. "Wewe ya maharage."

Mama Khainza akanishika mkono.

"Mimi nilinunua laini, naona kundi, watu hawajui mimi, mimi sijui watu. Nataka kutoka, halafu nasikia huyu anasema loweka maharage. Nasema ah, wacha nione. Mimi shuleni hapana fika mbali, afande ya kuandikisha askari alikuwa anataka tu urefu na meno. Nikaloweka. Mara ya pili wewe unasema pindua. Nikapindua. Nikauliza halafu. Mtu anaita mimi mchawi!" Alisema neno hilo akimwangalia Mama Khainza, sauti ikashuka. "Mama, mimi sikujua ni namba ya marehemu. Watu walikuwa wanapiga wanalia, mimi nasema pole, pole, sijui nampa nani pole. Mzee wako, mama. Pole sana."

"Nimepoa, baba," Mama Khainza akasema.

"Lakini namba ya siri sitoi hivi hivi," Afande akaendelea. "Kwanza mwalimu anijibu. Unapindua, mzizi unakwenda wapi? Sababu kama ni mwalimu kweli, unajua."

Nilijua, bila shaka. Niliwahi kulisoma. Jibu lilikuwa mdomoni. Lakini nikiwa pale nikaona uso wa Mwalimu Gidudu akinitazama juu ya miwani yake, na kitu kikanizuia. Nikasema, kwa sauti ndogo, "Afande, kwetu aliyeliandika somo halijaribu. Mimi ni wa Jinja, nimeliandika. Wewe uko Mbale, umelijaribu. Wewe ndiye unayetakiwa kuniambia."

Mama Khainza akanibana mkono kama anayesema, mtoto, jibu tu! Pasi ya mkaa ilikuwa ikitoa moshi. Nikafikiri: basi, nimeharibu, kwa ajili ya ujuaji wangu tumekwisha. Akaingia ndani, akainama mlangoni, akakaa huko muda ulionitosha kujilaumu kwa lugha zote ninazozijua. Akatoka na chupa ya soda ya plastiki, imesimama juu ya mdomo wake. Ndani, kando ya kitambaa, kulikuwa na maharage matatu, na mzizi mweupe wa haragwe moja ulikuwa umepanda kidogo, kisha ukapinda kama kiwiko, ukashuka.

"Iko hivi," akasema, sasa kwa sauti nyingine kabisa, ya mtu anayetoa ripoti. "Kwanza ilikwenda juu, sababu haikujua imepinduliwa. Halafu ikajua. Ikarudi chini yenyewe, hakuna mtu alisukuma. Hata hii nyingine iko hivyo. Hii ya tatu ilioza. Maji ilikuwa mingi, wewe hukusema maji kiasi gani."

"Kweli," nikasema. "Sikusema."

"Andika hiyo."

"Nitaandika."

Akalivaa shati nusu, upande mmoja bado una mikunjo, akatoa simu mfukoni. Nikaliomba ghala litume namba. Tulisimama watatu juu ya simu ile kama watu juu ya kisima. Ilipoingia alinisomea tarakimu moja moja kwa sauti ya gwaride, nami nikizigonga kwa kidole kinachoteleza jasho, nikakosea, ghala likakataa, nikaomba tena, akasoma tena bila kunicheka. Kisha likafunguka. Yote yalikuwepo. Vivuli, mvua, michoro ya watoto yenye majina yaliyopinda. Mama Khainza alinyoosha kidole kwenye sauti ya juu kabisa, nami nikaibonyeza. Ti, ti, ti. "Haya watoto, kaeni." Mama Khainza akakaa, pale pale, kwenye ndoo iliyopinduliwa. Afande naye akakaa kwenye ngazi.

Kitu alichoomba kilikuwa kimoja, arudishwe kundini. Isabirye alimrudisha jioni ile, akamwandikia msamaha mrefu wenye misemo. Afande akamjibu, "Sawa. Vivuli yako nimesikiliza. Kesho naipima." Tangu siku hiyo kila mmoja wetu ana nakala yake ya kila somo, na namba ya kuthibitisha sasa huweza kwenda kwa watu watatu, miji miwili. Na kwenye somo la maharage, mahali pa aliyejaribu, pameandikwa: Opio, Malukhu. Chini yake sehemu ya tatu, kuhusu maji kiasi gani.

Hayo ndiyo niliyoyakumbuka juu ya ngazi ile, na simu mkononi, na Moroto mbali kiasi kile. Mzee hayupo, Afande anakwenda, mimi nimebaki na sheria ya mpishi kutoonja. Somo la maharage limejaribiwa tangu hapo na walimu wengi, nami nasoma ripoti zao na kuziamini. Watoto walikuwa wamekwenda nyumbani. Kwenye dirisha la darasa kulikuwa na chupa niliyoiandaa tangu Jumatatu, nikijidanganya kwamba ni ya watoto, mzizi umetoka urefu wa ukucha. Niliingia, nikausukuma mlango nyuma yangu. Nikahakikisha mdomo wa chupa umefungwa. Kisha, kwa mara ya kwanza, nikaipindua kwa mkono wangu.